Salamu za Ijumaa na Feni Isiyonyamaza



Jambo tulilolileta wiki hii, kwa kulitazama juu juu, laonekana la kuchekesha. Ni habari ya picha zinazocheza: waridi linalochanua na kufumba, taa za msikiti zinazometameta, kikombe cha chai kinachofuka mvuke usiokwisha, na chini yake maneno "Ijumaa Mubarak" kwa rangi ya dhahabu. Hakuna nyumba ya pwani, wala ya mpwani aliyehamia bara, isiyopokea picha hizi tangu Alhamisi jioni hadi Ijumaa alasiri. Sisi wenyewe twazipokea na, ukweli usemwe, twazituma pia. Lakini picha hizo zilikaribia kumkosesha mpwa wetu riziki yake, kisha zikakaribia kumgombanisha na bibi yake. Mabinti wetu wengi sasa wafanya kazi kama yake, kwa hivyo tumeona tusilinyamazie.

Mpwa wetu alizaliwa Mombasa, akaolewa Nairobi. Anaishi Kawangware, si mbali na kituo cha matatu za nambari 46, katika chumba na sebule, pamoja na mumewe na watoto wawili. Kazi yake ni kusikiliza mahojiano na mikutano iliyorekodiwa na kuyaandika maneno yote kama yalivyosemwa, kwa malipo ya kila dakika ya sauti. Ni kazi ya subira. Humwezesha kukaa karibu na watoto wake na kuswali kwa wakati, na hiyo ndiyo karo ya mtoto wa kwanza. Kifaa chake ni kipakatalishi cha mtumba kilichotumika Ulaya kwanza, vile ambavyo wauzaji wa mjini huviita "ex-UK", chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4.

Wanaompa kazi huzigawa kupitia programu ya mazungumzo. Faili ikishatangazwa, anayejibu mwanzo ndiye apewaye. Kwa hivyo dirisha la programu hiyo hukaa wazi kwenye kompyuta yake tangu saa mbili asubuhi hadi jioni. Na ndani ya programu hiyo hiyo, kwa nambari ile ile ya simu, limo kundi la ukoo wetu lenye watu zaidi ya hamsini, kutoka Mombasa, Lamu, Malindi na Muscat.

Matatizo yalianza kidogo kidogo. Feni ya kompyuta ilianza kunguruma kama kinu cha kusaga unga. Herufi alizopiga zilitokea baada ya muda, na sauti aliyoisikiliza ikawa inakatika katika, hata asijue msemaji amesema "hamsini" au "thamanini". Betri iliyokuwa ikimvumilia saa mbili ikawa haimalizi hata saa moja. Na anayeishi Kawangware ajua kwamba stima ikienda, betri ndiyo tegemeo. Kazi mbili zilichelewa. Ya kwanza akakatwa malipo, ya pili akapewa onyo kwamba ya tatu ndiyo itakuwa ya mwisho.

Akadhani ni virusi. Akapanda matatu hadi mjini, akaingia katika jengo moja upande wa Luthuli Avenue, ambako ghorofa zote zimejaa vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta. Fundi alikifungua kile kifaa, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa, akasema bodi kuu inakufa na ya kubadilisha ni shilingi elfu tisa. Mpwa wetu hakuwa nazo, ila zile za karo. Alilipa elfu moja na mia tano za usafishaji, akarudi nyumbani. Jumanne kompyuta ilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Jumatano kimya. Ijumaa saa tano asubuhi ikaanza kunguruma tena.

Hatumlaumu yule fundi. Vumbi lilikuwepo kweli, na mtu hawezi kuuona kwenye meza yake Jumanne ugonjwa unaokuja Ijumaa.

Sisi tulikuwa Nairobi Ijumaa iliyofuata. Tuliswali Msikiti wa Jamia, tukapita sokoni kununua matunda, kisha tukaenda Kawangware kumjulia hali. Tulimkuta machozi ya karibu, kompyuta mbele yake ikihema. Alipotaka kutuonyesha faili aliyokuwa akiihangaikia alilishusha lile dirisha la mazungumzo, na kabla hatujamaliza kunywa maji, feni ikapunguza kelele, ikanyamaza. Akalirudisha dirisha, feni ikaanza tena. Akalishusha tena. Mtoto wake wa miaka saba ndiye aliyesema lililokuwa wazi: "Mama, ni yale maua."

Yalikuwa manne kwa pamoja kwenye kioo. Waridi la Bibi, fanusi za khalati wa Malindi, njiwa wawili kutoka Muscat, na kibandiko cha paka anayeinua mikono kuomba dua, ambacho hatukujua kimetoka kwa nani. Vyote vikicheza, na vikimaliza, vyaanza upya.

Picha ya kawaida, isiyocheza, kompyuta huichora mara moja ikaiacha hapo ilipo, kama picha iliyotundikwa ukutani. Picha inayocheza ni rundo la picha nyingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na kila moja yapaswa kufunguliwa kutoka katika kifurushi chake, kuchorwa, kisha kufutwa ili inayofuata ichorwe. Tufanye hesabu ndogo. Picha yenye upana wa vitone 480 na urefu wa vitone 480 ina vitone 230,400. Ikibadilika mara 20 kwa sekunde, kompyuta yapaka vitone 4,608,000 kila sekunde. Maua manne yakiwa kwenye kioo, ni zaidi ya vitone milioni 18 kwa sekunde, na hii ni hata kama hakuna mtu anayevitazama. Mpwa wetu alikuwa akiandika katika dirisha la kushoto. Maua yalikuwa yakichezea peke yao upande wa kulia.

Kazi hiyo hufanywa na kichakataji, ambacho wengi hukiita prosesa, ndio ubongo wa kompyuta. Kichakataji kimeundwa kulala kila kinapopata nafasi, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, na usingizi huo ndio unaokipoza na kuihifadhi betri. Picha inayocheza bila kikomo hukinyima usingizi. Kikipata joto, feni huzunguka kwa kasi. Joto likizidi, kichakataji hujipunguzia mwendo chenyewe kisiungue, na hapo ndipo herufi zinapochelewa na sauti kukatika.

Mtu atauliza: mbona filamu ndefu naitazama kwenye kompyuta hiyo hiyo na hainungurumi? Swali zuri, na sisi tuliliuliza. Kompyuta nyingi za miaka hii zina sehemu maalumu ya kufungua video, mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Picha za mtindo wa zamani uitwao GIF hazina mtumishi. Mzigo wote humwangukia mwenye nyumba. Mtindo huo ni wa mwaka 1987, ulibuniwa na wataalamu wa kampuni ya CompuServe ya Marekani wakiongozwa na Steve Wilhite, zama ambazo kompyuta za nyumbani zilionyesha rangi chache; hadi leo kila picha yake haizidi rangi 256. Wilhite, aliyefariki mwaka 2022, alishikilia kwamba jina litamkwe "jif". Wengine wakakataa. Mpwani akilisikia atadhani twazungumzia jivu.

Zaidi ya hayo, programu nyingi za mazungumzo za kompyuta, Slack na Discord zikiwemo, kwa ndani ni kivinjari kizima cha intaneti kilichovishwa joho jingine. Chombo kinachotumiwa kuziunda hivyo huitwa Electron, kilichoanzishwa na kampuni ya GitHub mwaka 2013. Faida yake ni kwamba mtengenezaji huandika programu mara moja ikafanya kazi kwenye kompyuta za kila aina. Hasara yake humfikia yule mwenye kifaa dhaifu, kwani kabla hujaandika hata "salaam" umeshabeba kivinjari mgongoni.

Na isidhaniwe kwamba hili huwapata akina sisi wenye mitumba tu. Machi 2017 iligunduliwa kwamba Visual Studio Code, programu ya waandishi wa programu iliyotengenezwa na Microsoft, ilikuwa ikila asilimia 13 ya kichakataji ilhali mtumiaji hafanyi lolote. Sababu ilikuwa kile kijistari kinachowaka na kuzima mahali unapoandikia. Kilipaswa kubadilika mara mbili tu kwa sekunde, lakini kilikuwa kikichorwa upya mara 60. Kijistari kimoja! Basi waridi la Bibi lenye umande na vipepeo litakuwaje?

Anayetaka kuhakikisha nyumbani kwake, kwenye kompyuta ya Windows abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager, lenye safu ya CPU inayoonyesha kila programu inakula asilimia ngapi ya kichakataji. Hapo pana mtego uliompoteza mpwa wetu wiki nzima. Aliona asilimia 25 akasema, "Khalati, robo tu, si nyingi." Kumbe Windows huihesabu kompyuta yake kuwa na wafanyakazi wanne ndani, na robo hiyo maana yake ni kwamba mmoja kati yao hapumziki hata kidogo. Programu inayokaa tu ikisubiri ujumbe yapaswa kuwa karibu na sifuri.

Dawa zipo, na nyingi hazina gharama. Ya kwanza kabisa ni kutouacha ukurasa wenye picha zinazocheza mbele ya macho: fungua mazungumzo mengine yasiyo na picha, kwani aghalabu kisichoonekana kwenye kioo hakichorwi. Ya pili ni kuingia katika mipangilio ya programu yako na kutafuta mahali pa kuzima uchezaji wa picha. Kwenye Slack na Discord pamewekwa katika sehemu ya ufikivu, yaani sehemu ya kuwasaidia wenye udhaifu wa macho na kadhalika. Telegram ya kompyuta imepaweka katika mipangilio ya kina, karibu na ya utendaji. Ukizima, waridi hubaki waridi, ila limetulia. Tena kama watumia kivinjari, tazama katika mipangilio yake ya mfumo kama msaada wa kadi ya michoro umewashwa. Katika kompyuta nyingi za mtumba tumekuta umezimwa, na ukizimwa kila kitu humwangukia kichakataji. Na vumbi lipulizwe, naam. Fundi alikuwa na haki katika hilo.

Hayo ni ya mashine. Ya watu yalikuwa magumu zaidi.

Kwani mpwa wetu, kabla hajajua kuna mipangilio ya kuzima, na onyo lile likimkaa kooni, alifanya alichoona chepesi: Ijumaa ile ile jioni, tulipokwisha kuondoka, alijitoa katika kundi la ukoo. Hakuaga. Programu yenyewe ikatangaza kwa maandishi madogo ya kijivu kwamba fulani ametoka. Kufikia Isha maneno yalikuwa yameshafika Lamu. Mmoja wa shangazi zake akasema, "Ameshakuwa wa Kilimani huyo, sisi si watu tena," naye hajawahi hata kukaa Kilimani. Hupita huko ndani ya matatu tu. Asubuhi ya Jumamosi Bibi akapiga simu, si kwa mjukuu wake bali kwetu, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nimemkosea nini mtoto?"

Hapo ndipo tulipoona kwamba hatukuwa tumelifahamu jambo lenyewe. Bibi ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Hawezi kuandika kwenye simu, na kusoma ni kwa taabu. Lakini rangi aziona, na kitu kinachotikisika akiona. Kila Ijumaa baada ya Alfajiri huketi barazani na simu ya mjukuu mwingine, akachagua picha moja iliyo na mwendo, akaituma. Kwa kundi zima huituma mara moja, kisha huituma tena kwa kila mtu aliye mbali, mmoja mmoja, akitaja jina lake na kumwombea. Tuliambiwa hili na mjukuu anayemshikia simu. Waridi lile lililokuwa likikichosha kichakataji Kawangware lilikuwa limetumwa kwa jina lake huyo huyo.

Ami mmoja akapendekeza ipigwe marufuku: kundi liwe la maneno matupu, na anayekiuka atolewe. Alileta na mfano kutoka nje, kwamba Januari 2018 gazeti la Wall Street Journal liliandika jinsi watafiti wa Google walivyogundua simu za Wahindi zinajaa na kukwama kwa sababu ya picha za kutakiana asubuhi njema. Mfano ni wa kweli, ingawa ule ulikuwa ugonjwa wa nafasi ya kuhifadhi, na huu wetu ni wa kichakataji. Sisi tulipinga. Mzee asiyeweza kuandika, ukimkataza picha umemkataza kusalimia.

Lakini kwa vijana wenye macho mazima na vidole vyepesi hatuna huruma hiyo. Kunapotokea msiba ukoo wote hukimbilia kundini, na linalotafutwa ni moja: saa ya maziko na msikiti wa kuswalia maiti. Sote twajua sisi hatuchelewi kuzika. Mwaka uliopita jamaa yetu alitoka Kangemi kwenda kuwahi maziko, akawa anausogeza ukurasa juu na chini ndani ya matatu, akitafuta mstari mmoja uliofunikwa na mishumaa inayowaka, njiwa wanaopaa na nyuso zinazolia, na simu yake ikawa nzito hata ikajizima. Alifika kaburi limeshafunikwa. Waliotuma mishumaa ile wote wanajua kuandika "Inna lillahi."

Basi ukoo ukakubaliana hivi, baada ya simu nyingi. Kwenye msiba, mmoja tu atatangaza, na picha zisitumwe mpaka maziko yamalizike. Ijumaa na Idi hazikuguswa. Mpwa wetu akanunua laini ya pili kwa bei isiyofika ile ya nauli ya kwenda mjini na kurudi, akaisajili kwa ajili ya kazi peke yake, na hiyo ndiyo iliyo kwenye kompyuta. Kundi la ukoo likabaki kwenye simu, ambayo kioo chake huzimika chenyewe baada ya muda mfupi, na kioo kikizimika hakuna kinachochorwa. Mipangilio ya picha zinazocheza aliizima kote kote. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Bibi kumweleza, na haikuwa kazi rahisi, kwani utamwelezaje mtu wa miaka themanini na kitu kwamba ua lake linachosha mashine? Alimwambia, "Bibi, kompyuta yangu ni nzee, ikiona maua mengi yaishiwa pumzi." Bibi akacheka sana. Akasema hata yeye siku hizi ngazi za ghorofani zamwishia pumzi.

Mjukuu wa kule Mombasa amemfundisha Bibi kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuzungumza. Ujumbe wa sauti haukipi kichakataji kazi yoyote mpaka mwenyewe auguse kuusikiliza. Siku za kwanza alikuwa akisahau kuanza, tukawa twapokea kunguru wa Mombasa na muuza mahamri akipita, na Bibi akimuuliza mtu, "Imeshika?" Sasa amezoea. Lakini waridi hakuliacha. Hulituma kwanza, kisha sauti. Ijumaa iliyopita mpwa wetu alikabidhi faili ya dakika tisini saa nane mchana, saa nzima kabla ya muda, akainuka kwenda kuwachotea watoto chakula, na simu ameiegemeza kwenye birika akimsikiliza bibi yake.